Pima presha ya mafuta kabla ya kununua pampu

GARI linapoanza kukosa nguvu mlimani, au linapokataa kuwaka asubuhi, neno la kwanza litokalo kinywani mwa mafundi wengi ni ‘pampu’. Mwenye gari hutoa pesa, pampu mpya ikanunuliwa na kufungwa, na baada ya siku mbili tatu ugonjwa ukarudi ule ule.

Hapo ndipo safari ya kubahatisha huanza. Leo ni plagi, kesho ni injekta, keshokutwa ni kifaa fulani cha umeme ambacho mwenye gari hajawahi kusikia jina lake. Mwezi ukiisha, fedha zilizokusudiwa karo au kodi ya nyumba zimeishia kwenye maduka ya vipuri, ilhali gari lingali gonjwa.

Mara nyingi hasara hii ingeepukika kwa kipimo kimoja ambacho aghalabu hakichukui hata saa moja: kupima presha ya mafuta. Kipimo hicho hakihitaji kompyuta wala mitambo ya bei ghali. Kinahitaji geji, mpira madhubuti, viungo viwili vitatu na mtu anayeelewa anachokisoma.

Makala haya yanaeleza kipimo hicho hufanywaje, namba zake zina maana gani, na kwa nini mwenye gari ana haki ya kuuliza matokeo yake kabla hajafungua mkoba.

Kutoka kabureta hadi injekta

Zamani, karibu magari yote ya petroli yalitumia kabureta. Hewa iliyovutwa na injini ilipita katika koo jembamba la kifaa hicho na kuyafyonza mafuta njiani. Kazi ya pampu ilikuwa kujaza kibakuli cha kabureta tu, na presha ya psi 4 hadi 6 ilitosha.

Psi ni kipimo cha nguvu ya paundi moja juu ya eneo la inchi moja mraba. Ndicho kinachoandikwa kwenye geji nyingi zinazouzwa madukani, ingawa vitabu vya watengenezaji hutumia pia kilopaskali. Kilopaskali 100 ni sawa na psi 14.5.

Mnamo 1967, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa D-Jetronic, uliofungwa kwenye magari ya Volkswagen 1600 yaliyouzwa Marekani. Badala ya kuyaacha mafuta yafyonzwe, mfumo huo ulipima hali ya hewa iingiayo kwenye injini, kisha ukaamuru vali ndogo za umeme zinyunyize mafuta. Vali hizo ndizo injekta, ambazo baadhi ya mafundi huziita nozeli.

Kufikia miaka ya 1990, watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa wamekwisha kuuhamishia mfumo wa aina hiyo kwenye magari madogo ya kawaida. Ndio maana magari mengi tunayoyaona katika barabara zetu, kuanzia Corolla za enzi hizo hadi Probox, Fielder na Vitz, hayana kabureta.

Kanuni za humu nchini haziruhusu kuagizwa kwa gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hata hivyo, likishafika hapa huendelea kutumika kwa miaka 10 au hata 20 mingine. Maana yake ni kwamba pampu, vichujio na nyaya za magari haya huzeekea mikononi mwetu, na sisi ndio tunaopaswa kujua namna ya kuvipima.

Kompyuta haioni presha

Katika mfumo wa injekta, pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi huyasukuma mafuta kupitia kichujio na bomba hadi kwenye reli ya mafuta, yaani bomba fupi lililo juu ya injini ambalo injekta zote zimechomekwa kwalo. Kifaa kiitwacho kidhibiti presha huhakikisha kwamba mafuta yaliyo ndani ya reli hayazidi wala kupungua kiwango kilichowekwa.

Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila injekta hufunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mara hukaa wazi kwa muda wa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua muda huo. Lengo lake ni kupata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, mchanganyiko ambao huteketea vyema.

Lakini zingatia jambo hili, msomaji. Katika magari mengi ya aina tunayoizungumzia, kompyuta haina kifaa chochote cha kuipasha habari kuhusu presha ya mafuta. Inajua tu muda ambao injekta imekaa wazi, nayo huamini kwamba presha ni ile iliyowekwa kiwandani.

Presha ikipungua, injekta itafunguka kwa muda ule ule lakini mafuta yatakayotoka yatakuwa machache. Kwa mujibu wa kanuni za fizikia, presha ikipungua kwa robo, mafuta hupungua kwa takriban asilimia 13. Ikipungua kwa nusu, mafuta hupungua kwa karibu asilimia 29.

Kompyuta huja kugundua kwamba kuna kasoro baadaye, kupitia kihisi cha oksijeni kilicho kwenye bomba la moshi. Kihisi hicho huripoti kwamba hewa imezidi, na kompyuta ikajaribu kufidia kwa kurefusha muda wa injekta. Ikishindwa, huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuhifadhi alama ya hitilafu, mathalani P0171, ambayo maana yake ni kwamba mafuta ni machache kuliko hewa.

Alama hiyo haitaji pampu, kichujio wala kidhibiti presha. Haisemi hata kwamba presha ni ndogo, kwa maana hewa inayopenya kupitia mpira uliopasuka huweza kuleta alama iyo hiyo. Fundi anayechomeka mashine ya kusoma kompyuta, akaona alama ya aina hii, kisha akaagiza kihisi kipya cha oksijeni, amemwadhibu mjumbe kwa sababu ya ujumbe aliouleta.

Dalili za presha mbovu

Presha ikiwa ndogo, gari huchelewa kuwaka, hukosa nguvu linapopanda mlima au linapolipita gari jingine, na hukwamakwama pindi dereva anapokanyaga mafuta kwa ghafla. Wakati mwingine huzima kabisa kwenye joto, kisha huwaka tena baada ya kupoa.

Presha ikizidi, mafuta huwa mengi kupita kiasi. Moshi huwa mweusi, harufu ya petroli husikika nyuma ya gari, plagi hupakaa masizi na gharama ya mafuta hupanda. Hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu, huunguza kifaa cha kusafishia moshi kilicho kwenye ekzosi, ambacho bei yake si haba.

Presha ikishindwa kuhifadhika baada ya injini kuzimwa, gari husumbua kuwaka likiwa limeegeshwa kwa saa kadhaa. Dereva hulazimika kulipiga stata mara mbili tatu kabla ya kuitika.

Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu, wala si kila wingu hunyesha. Kila mojawapo ya dalili hizi huweza kuletwa na kasoro nyingine, ziwe za plagi, za koili au za hewa. Ndiyo maana dalili hazitoshi, na kipimo kinahitajika.

Usalama kwanza

Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata katika baridi iliyo chini kabisa ya kiwango cha maji kuganda. Aidha, mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupai na kupotea, bali hutambaa chini na kujikusanya kwenye shimo la kukagulia magari.

Katika gereji nyingi za jua kali, anayechomelea vyuma huwa hatua chache tu kutoka kwa anayefungua injini. Kazi ya kupima presha ya mafuta isianze mpaka uchomeleaji umesimamishwa, sigara na jiko vimeondolewa, na kizima moto cha poda kimewekwa karibu. Maji hayafai kuzimia moto wa petroli kwa kuwa mafuta huelea juu yake na kuusambaza moto.

Fundi avae miwani ya kukinga macho. Mafuta yaliyo ndani ya reli yamebanwa hata kama injini imezimwa, na bomba likifunguliwa ovyo huruka na kumpiga usoni, au kumwagika juu ya ekzosi yenye moto.

Njia ya kuipunguza presha hiyo ni rahisi. Fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta huchomolewa, kisha injini huwashwa na kuachwa ijizimie yenyewe kwa kukosa mafuta. Hupigwa stata tena kwa sekunde chache ili kumaliza mabaki. Baadaye waya hasi wa betri huondolewa, na kiungo cha bomba hufunguliwa polepole kikiwa kimefunikwa kwa tambara.

Hatua za kupima

Baadhi ya magari yana mdomo maalumu kwenye reli, unaofanana na vali ya gurudumu, ambapo geji huungwa moja kwa moja. Magari mengi ya Japani hayana mdomo huo. Kwa hayo, geji huungwa kwa kiungo chenye umbo la herufi T kati ya bomba litokalo kwenye tangi na reli ya mafuta.

Mpira unaotumika sharti uwe wa mafuta ya injekta, si wa maji wala wa kabureta, na ukazwe kwa vibano vizuri. Baada ya kuunga, betri hurejeshwa, fyuzi hurudishwa, na kila kiungo hukaguliwa kama kinavuja kabla ya injini kuwashwa.

Kipimo cha kwanza hufanywa injini ikiwa haijawaka. Katika magari mengi, ufunguo unapofunguliwa pampu huzunguka kwa sekunde mbili hivi kisha husimama, na mshale wa geji hupanda papo hapo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazifanyi hivyo, kwani pampu yake huanza kuzunguka injini inapopigwa stata. Katika nyingi kati ya hizo, fundi huweza kuizungusha pampu kwa kuunganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa +B na FP katika kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti.

Kipimo cha pili hufanywa injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta. Hapo fundi huangalia mambo mawili, yaani namba yenyewe na utulivu wa mshale.

Kipimo cha tatu ni cha injini iliyolemewa. Mafuta hukanyagwa kwa ghafla, au gari huendeshwa mlimani geji ikiwa imefungwa nje ya kioo cha mbele. Geji hiyo isiingizwe kamwe ndani ya gari, na mpira wake uwe mbali na feni na ekzosi. Presha haipaswi kuporomoka.

Kipimo cha nne ni cha kuhifadhi presha. Injini huzimwa, na fundi huitazama geji kwa dakika 5. Kwa Toyota nyingi zenye injekta za kawaida, kitabu cha kiwanda hutaka presha isipungue kilopaskali 147, yaani takriban psi 21, katika muda huo.

Kipimo cha tano ni cha wingi wa mafuta. Presha nzuri pekee haitoshi, kwa kuwa pampu dhaifu huweza kuijaza geji ilhali haiwezi kuishibisha injini. Kanuni ya jumla inayotumiwa na mafundi ni kwamba pampu ya gari dogo itoe angalau nusu lita katika sekunde 30. Mafuta hayo hukingwa katika chombo kinachofaa kwa petroli, mbali kabisa na cheche.

Namba zinasema nini

Kila injini ina kiwango chake, na kitabu cha mtengenezaji ndicho hakimu. Injini ya 1NZ-FE, inayopatikana katika Probox, Fielder na magari mengine mengi ya Toyota, hutakiwa kuwa na kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Katika injini hii, kidhibiti presha kimo ndani ya tangi pamoja na pampu, na hakuna bomba la kurudisha mafuta kutoka kwenye injini.

Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina mpangilio mwingine. Kidhibiti presha kiko kwenye reli, mafuta yanayobaki hurudi kwenye tangi, na mpira mdogo hukiunganisha kidhibiti na njia ya hewa ya injini. Mpira huo ukichomolewa na kuzibwa, geji husoma psi 38 hadi 44. Ukirudishwa injini ikinguruma taratibu, presha hushuka hadi kati ya psi 30 na 37.

Kushuka huko si kasoro. Injini ikinguruma taratibu huivuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo huyavuta pia mafuta kwenye midomo ya injekta. Kidhibiti hupunguza presha ili tofauti kati ya pande mbili za injekta ibaki ile ile. Mpira ukichomolewa na geji isitikisike, kidhibiti kimekufa au mpira umeziba. Petroli ikionekana ndani ya mpira huo, utando wa kidhibiti umepasuka.

Hapa mafundi wa Nairobi na wa Mombasa wanaweza kuona namba tofauti kidogo kwa gari moja. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo mvuto wa injini ukipimwa dhidi ya hewa ya nje huwa mdogo. Geji itashuka kwa psi 2 hivi pungufu ya itakavyoshuka pwani. Fundi asiyelijua hili huenda akakishtaki kidhibiti kisicho na hatia.

Presha ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, mshukiwa ni kidhibiti kilichokwama au bomba la kurudisha mafuta lililobanwa. Pampu haiwezi kulaumiwa kwa hilo.

Presha ikiwa chini katika gari lenye bomba la kurudisha, fundi hulibana bomba hilo kidogo kwa sekunde chache, mradi liwe la mpira. Presha ikipanda kwa kasi, pampu ina nguvu na mkosaji ni kidhibiti. Isipopanda, tatizo liko nyuma: pampu, kichujio, bomba au umeme.

Presha ikishuka haraka baada ya injini kuzimwa, kuna sehemu tatu za kuangalia. Huenda vali iliyo ndani ya pampu inarudisha mafuta tangini, huenda kidhibiti kinavujisha, au huenda injekta moja inadondosha mafuta ndani ya injini. Kwa kuubana mpira wa kuleta mafuta, kisha ule wa kurudisha, fundi hutambua ni upi kati ya milango hiyo mitatu ulio wazi.

Pampu si mkosaji wa pekee

Chukua mfano wa dereva anayesafirisha viazi kwa Probox hadi Nairobi. Kwenye tambarare gari lake halina neno. Lakini likitoka Mai Mahiu na kuanza kukwea ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Kimende, nguvu humwishia, magari mengine yakamrundikia nyuma, naye akafika sokoni wenzake wamekwisha kuuza.

Tuseme geji inafungwa. Injini ikinguruma taratibu husoma psi 46, kiwango kisicho na lawama. Gari likipanda mlima, mshale unashuka hadi 30. Sasa tumejua kwamba mafuta hayafiki ya kutosha injini inapoyahitaji zaidi. Tumejua pia ni kwa nini kompyuta haikumwokoa: mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, kompyuta nyingi huacha kuifuata ripoti ya kihisi cha oksijeni na kutegemea hesabu zilizowekwa kiwandani.

Je, pampu inunuliwe? Bado. Fundi makini huchukua mita ya umeme na kupima volti kwenye betri injini ikiwaka, kisha kwenye plagi ya waya za pampu. Tuseme betri inasoma 13.8, na pampu inapata 11.2. Zaidi ya volti mbili zimepotea njiani, ilhali hata nusu volti ingetosha kumtia mtu shaka.

Pampu inayopungukiwa na umeme huzunguka polepole, kama mtu anayebeba mzigo kwa njaa. Huenda kosa ni rilei iliyoungua ndani, au waya hasi ulioshika kutu pale unaposhikana na bodi ya gari. Dawa yake ni kukwangua kutu na kukaza skrubu. Pampu mpya ikifungwa kwenye waya huo mbovu, nayo itadhoofika vivyo hivyo.

Kichujio nacho ni mshukiwa mkubwa. Kikiziba, huruhusu mafuta machache yanayotosha injini iliyotulia, lakini huyazuia injini inapolemewa. Katika magari kama Probox, kichujio kimo ndani ya tangi pamoja na pampu, na kwa kuwa hakionekani, wengi hukisahau.

Fauka ya hayo, mazoea ya kuendesha gari tangi likiwa karibu tupu huidhuru pampu. Mafuta yanayoizunguka ndiyo yanayoipoza. Kupanda kwa bei ya petroli kumewafanya wengi kutia mafuta kidogo kidogo, jambo linaloeleweka, ila ni bora sindano ya mafuta isiachwe ilale kwenye alama ya mwisho kila siku.

Geji pia ina mipaka yake. Haiwezi kukwambia kama petroli imechanganywa na mafuta ya taa au maji. Ulaghai huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mnamo 2018 serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa pengo la bei lililowavutia walaghai. Mafuta machafu huweza kusomeka psi 46 vizuri kabisa. Presha ikiwa sawa na gari bado linagonga na kutoa moshi, chunguza kilichomo tangini.

Pasipopimwa kwa geji hii

Kuna magari ambayo yaliyosemwa hapa hayayahusu kikamilifu. Injini za petroli zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zikiwamo za Toyota zenye alama ya D-4 na za Volkswagen zenye alama ya FSI, zina pampu mbili. Ile ya tangini huweza kupimwa kwa geji ya kawaida, lakini ya pili iliyo kwenye injini hufikisha presha ya pau 100 na zaidi, yaani zaidi ya psi 1,450.

Injini za kisasa za dizeli zenye reli ya pamoja huzidi hapo maradufu, baadhi zikipita pau 1,600. Mafuta yanayochuruzika kwa nguvu hiyo huweza kupenya ngozi ya binadamu na kuleta jeraha linalohitaji upasuaji wa haraka. Kamwe mtu asifungue bomba la upande huo injini ikiwaka, wala asitafute uvujaji kwa kidole.

Magari ya aina hizo yana kihisi cha presha, na kipimo chake husomwa kwa mashine ya kompyuta. Hapo, tofauti na magari tuliyoyaeleza, kompyuta huiona presha.

Mwenye gari afanye nini?

Si lazima kila mwenye gari anunue geji. Lakini kila mmoja anaweza kuuliza maswali. Fundi akisema pampu imekufa, mwulize: presha ilisoma ngapi? Kitabu kinataka ngapi? Ilipimwa injini ikiwa imelemewa au imetulia? Pampu ilikuwa ikipata volti ngapi?

Fundi aliyepima atajibu bila kusita, na ataona fahari kuulizwa. Mwombe aziandike namba hizo kwenye risiti. Pampu ikibadilishwa, kipimo kirudiwe nawe ukiwapo, ili uone mshale umefika panapostahili kabla hujalipa. Pampu ya kuigiza yenye sura ya ile halisi hufichuliwa papo hapo na geji.

Kwa mafundi nao, geji moja nzuri na seti ya viungo vyake si gharama kubwa ikilinganishwa na sifa inayopotea kila mteja anaporudi akinung’unika. Mteja aliyeokolewa asinunue pampu asiyoihitaji atamleta jirani yake.

Na ikiwa geji itaonyesha kwamba presha iko sawa katika vipimo vyote, usihesabu kuwa muda umepotea. Umeondoa pampu, kichujio na kidhibiti katika orodha ya washukiwa, na sasa fundi anaweza kugeukia umeme wa plagi au njia ya hewa akiwa na uhakika kwamba hafukuzi kivuli.